Siku ya Kurudi Hospitali: Nani Huichagua?

Ni nyumba chache hapa kwetu zisizo na cheti cha hospitali. Cha mama kimefungwa katika kitambaa pamoja na fedha za chumvi, cha babu kimechomekwa juu ya boriti, na katika kila kimoja daktari ameandika kwa mkono wa haraka tarehe ya kurudi. Tarehe hiyo ni neno zito. Ikifika, shamba huachwa, mtoto huachiwa jirani, na nauli hutafutwa hata kwa kukopa.

Shangazi yangu alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi, ule wa kuvimba viungo vya vidole na magoti. Kila baada ya miezi 3 alikwenda hospitali moja ambayo sitaitaja jina, safari ya kutwa nzima. Nakumbuka mwaka mmoja tarehe yake ilimkuta hana maumivu yo yote, akitwanga na kuchota maji kama msichana. Akaenda, akaketi bengini tangu alfajiri hata adhuhuri, akaulizwa, "Hujambo?" akajibu, "Sijambo," akaandikiwa tarehe nyingine, akarudi. Baada ya majuma 5 vidole vikavimba hata asiweze kushika kijiko. Tukamwambia aende hospitali. Akatoa cheti chake akatuonyesha, akasema, "Siku yangu bado." Akakaa na maumivu yale majuma 7, akiingoja siku yake. Hapana mtu aliyemkataza kwenda mapema. Walakini hapana aliyepata kumwambia kwamba aweza kwenda, naye alikuwa mtu wa adabu, akadhani kwamba mlango ule una siku yake ya kufunguliwa.

Neno lile, "Siku yangu bado," ndilo lililonitia hamu ya kutafuta habari hizi. Je, ni nani aliyepewa kuchagua siku ya mgonjwa kumwona daktari, na kwa nini isiwe mgonjwa mwenyewe? Nimeona kwamba katika nchi ya Uingereza swali hili limejibiwa kwa namna mbalimbali kwa muda wa miaka karibu 300, na kwamba jibu lake la karibuni lilijaribiwa kwa hesabu katika mji wa Bristol. Basi nitaeleza kwanza habari za huko, maana ndiko zilikoandikwa vizuri, kisha nitasogea huku kwetu Afrika.

Katika karne ya 18 matajiri wa miji ya Uingereza walianza kuchanga fedha ili kujenga hospitali za maskini. Hospitali ya Bristol, ambayo hata leo yaitwa Bristol Royal Infirmary, ilianzishwa kwa michango ya namna hiyo mwaka 1735, nayo ikaanza kupokea wagonjwa 1737. Ilikuwa kazi njema, lakini ilikuwa na desturi yake. Katika hospitali nyingi za namna hii, mtu aliyetoa mchango alipata haki ya kuandika barua ya kumpendekeza mgonjwa, na mgonjwa asiye na barua alirudishwa, isipokuwa ameumia kwa ajali. Kwa hiyo maskini akiugua, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta bwana mwenye barua, na kusimama mlangoni pake kofia mkononi, aonekane kuwa ni mtu mnyenyekevu anayestahili. Na hata akiipata, hospitali nyingi zilikuwa na siku moja tu katika juma ya kupokea wagonjwa wapya. Homa ikimwanza mtu siku ya pili yake, yampasa kungoja juma zima.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa hata ikatokea habari ya daktari kijana jijini London, jina lake William Marsden. Yasimuliwa kwamba usiku mmoja wa baridi alimkuta msichana amelala juu ya ngazi za kanisa la Mtakatifu Andrea, mtaa wa Holborn, mgonjwa, karibu kufa. Akajaribu kumtafutia nafasi katika hospitali, akashindwa, maana msichana yule hakuwa na barua. Baada ya siku chache akafa. Marsden hakuweza kuisahau habari hiyo. Mwaka 1828 alifungua nyumba ndogo ya matibabu katika mtaa wa Greville, na sheria yake ilikuwa moja tu: aliye mgonjwa na maskini aingie, bila barua na bila fedha. Nyumba ile ilikua, na mwaka 1837 Malkia Victoria akaipa jina la Royal Free Hospital, yaani hospitali ya kifalme ya bure. Ingaliko hata leo, ingawa imehamishwa mahali pengine katika jiji lile lile.

Hapo msomaji aweza kudhani kwamba hadithi imekwisha: mlango umefunguliwa, mgonjwa anaingia siku aitakayo. Lakini mlango ulio wazi huleta msongamano. Watu walifika kwa mamia, wakajaa katika vyumba vya kungojea, na madaktari wakawa wanamwona mgonjwa kwa dakika chache tu na kumpa chupa ya dawa. Wakubwa wa hospitali wakaanza kunung'unika kwamba wengine si maskini kweli, wanakula fedha za sadaka. Basi mwaka 1895 Royal Free, ile ile iliyoanzishwa kwa kukataa barua, ilimweka bibi mmoja, Mary Stewart, akae mahali pa wagonjwa wa nje awahoji: Unafanya kazi gani? Unapata mshahara kiasi gani? Una watoto wangapi? Aliwekwa awe kama bawabu mwenye busara. Lakini kwa kuwa aliwasikiliza, kazi yake iligeuka polepole ikawa zaidi ya kuwasaidia kuliko kuwazuia, naye ahesabiwa kuwa wa kwanza wa wale tunaowaita leo maofisa wa ustawi wa jamii katika hospitali. Mimi nampenda Bibi huyu, maana yaonekana alitumwa kulinda mlango akaishia kuuliza kwa nini watu wanaubisha.

Tarehe 5 Julai 1948 serikali ya Uingereza ilizichukua hospitali karibu zote, ikaanzisha matibabu ya bure kwa kila mtu, kwa fedha za kodi. Tangu siku ile haikuhitajika tena barua ya tajiri. Barua yenyewe haikutoweka, ilibadili mwandishi. Sasa daktari wa mtaani ndiye anayemwandikia mgonjwa barua ya kumpeleka kwa daktari bingwa wa hospitali. Na daktari bingwa, akiisha kumwona, ndiye anayeandika siku ya kurudi.

Hapa ndipo ilipozaliwa desturi tunayoijua sisi sote. Mgonjwa wa maradhi ya siku nyingi, kama baridi yabisi, au pumu, au vidonda vya matumbo, huambiwa arudi baada ya miezi 3, au 6, au mwaka. Akija, huambiwa arudi tena. Huko Uingereza zaidi ya nusu ya watu wanaomwona daktari wa hospitali pasipo kulazwa ni watu wa kurudi, si wagonjwa wapya. Na kwa miaka mingi wote waliitwa saa moja, kwa mfano saa 3 asubuhi, ingawa wa mwisho ataonwa adhuhuri, ili daktari asikose mtu wa kumwona hata dakika moja. Saa za daktari zilihesabiwa kuwa na thamani, na saa za mgonjwa hazikuhesabiwa.

Kwa nini madaktari waliendelea kuwaita watu wazima waje waseme kwamba ni wazima? Sababu moja ni njema: hofu ya kwamba ugonjwa utarudi kwa siri. Sababu nyingine ni ya kibinadamu tu. Wengi wa wale waliowaona wagonjwa wa kurudi walikuwa madaktari vijana waliohamishwa kila baada ya miezi michache. Kijana wa namna hiyo amemwona mgonjwa leo kwa mara ya kwanza, naye hatamwona tena. Akiandika, "Arudi baada ya miezi 6," hapana atakayemlaumu. Akiandika, "Asirudi mpaka aone haja," na jambo baya likatokea, lawama ni yake. Basi huandika miezi 6, na mwenzake atakayemfuata huandika miezi 6 tena, na mgonjwa huzunguka hivyo mwaka hata mwaka kama punda wa kinu cha mafuta.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe wa baridi yabisi, maana ndio uliotoa jibu. Nena hapa juu ya ule mkali unaoshika viungo vya pande zote mbili za mwili, na kuwashika wanawake zaidi kuliko wanaume. Katika ugonjwa huu askari wa mwili, wanaopaswa kupigana na vijidudu, hugeuka wakavishambulia viungo vya mwili wao wenyewe. Viungo huvimba, huuma, na asubuhi huwa vigumu kama kamba iliyolowa ikakauka. Usipotibiwa, hula mfupa hata vidole vikapindika. Lakini hauendi kwa mwendo mmoja. Huwaka kama moto wa makumbi, kisha hutulia majuma au miezi, kisha huwaka tena, wala haupigi hodi kabla ya kuingia. Kalenda ya hospitali haiwezi kuujua. Siku iliyoandikwa miezi 6 mbele karibu daima itaangukia wakati wa utulivu, na moto utawaka katikati, wakati mgonjwa yuko nyumbani akisema, kama shangazi yangu, "Siku yangu bado."

Katika miaka ya 1990, katika hospitali ile ile ya Bristol iliyozaliwa kwa michango na barua, Bibi Sarah Hewlett, mwuguzi, na Bwana John Kirwan, daktari wa viungo, pamoja na wenzao, walijaribu njia nyingine. Walichukua wagonjwa 209 waliokuwa na baridi yabisi kwa zaidi ya miaka 2, watu ambao walikwisha kuujua ugonjwa wao. Wakawagawa mafungu mawili kwa bahati, kama kupiga kura, ili pasiwe na upendeleo. Fungu la kwanza liliendelea na desturi: tarehe katika cheti, kuja, kuonwa, tarehe nyingine. Fungu la pili halikupewa tarehe yo yote. Watu wake walifundishwa dalili za ugonjwa kuwaka, na kuambiwa hivi: Ukiona haja, wewe au daktari wako wa mtaani, tuite kwa simu, nawe utaonwa upesi.

Nataka msomaji alipime neno hilo la mwisho, maana ndilo msumari unaoshika mlango wote. Kumwambia mgonjwa, "Njoo utakapo," kisha akija umpe nafasi baada ya miezi 4, ni kumdhihaki. Watu wa fungu la pili hawakupewa uhuru mtupu. Walipewa ahadi, na ahadi ikatimizwa.

Wakafuatwa kwa miaka 6, wakipimwa kila baada ya miaka 2. Mtu angaliweza kuogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba wagonjwa wataita kila siku kwa kila kichomi, na hospitali ishindwe. La pili, ambalo ni baya zaidi, kwamba watanyamaza, na mifupa yao iliwe kimya kimya. Habari za mwisho zilichapishwa mwaka 2005 katika jarida la madaktari wa Uingereza, nazo zilikuwa hivi. Wale waliojichagulia siku walifika hospitali mara chache zaidi, upungufu wa 38 katika kila 100. Mtu wa katikati katika fungu lao alifika mara 8 kwa miaka yote 6, na katika fungu la desturi mara 13. Hawakuita kila siku. Je, waliharibika? Walipimwa maumivu, ugumu wa asubuhi, nguvu za mikono, mwendo wa viungo, kuliwa kwa mifupa kama kunavyoonekana katika picha za eksirei, na mambo mengine, jumla yake vipimo 14. Katika 14 hivyo, ni kimoja tu kilichoonyesha tofauti ya kweli kati ya mafungu mawili: mwendo wa kiwiko cha mkono, ambao ulikuwa umepungua kidogo zaidi katika wale wa desturi. Kusema kweli nilitabasamu niliposoma habari ya kiwiko hicho, maana yadhihirisha jinsi walivyopima kila kitu wasiache hata kona. Si jambo la kujengea hoja kubwa. Neno kubwa ni hili, kwamba wale walioachwa wachague hawakuwa wabaya kuliko wenzao waliochaguliwa.

Kisha waliulizwa mioyo yao. Waliambiwa watoe alama hata 10 kuonyesha jinsi wanavyoutumainia mpango wao wa kumwona daktari. Baada ya miaka 6 wale waliojichagulia walitoa 8.7, na wale wa desturi 6.9. Hapo ndipo nilipofikiri zaidi. Aliyekuwa na tarehe mfukoni alikuwa na matumaini madogo kuliko asiye na tarehe yo yote! Tarehe ilimpa uhakika wa kuonwa siku isiyo na haja, lakini haikumpa uhakika wo wote kwa siku ya haja.

Yapasa kusema pia kwamba si wote 209 waliofika mwisho. Katika miaka 6 watu hufa, huhama, au huchoka kuulizwa maswali, na waliokamilisha safari yote walikuwa 120. Kwa hiyo mwenye busara hasomi hesabu hizi kama amri. Lakini hazikuwa peke yake. Mwaka 2001 madaktari wa Manchester walitangaza jaribio la watu 203 wenye vidonda vya utumbo mpana, ugonjwa ambao nao huwaka na kutulia. Wale waliofundishwa kuanza dawa wenyewe mara waonapo dalili, na kufika hospitali kwa haja, walipata matibabu ya mwako kwa wastani wa saa 15 hivi tangu uanze. Wale wa desturi kwa saa karibu 50. Aliyewahi kukaa na tumbo la damu usiku kucha atajua maana ya tofauti ile. Na kwa wanawake waliokwisha kutibiwa saratani ya matiti, hospitali za Uingereza zimeanza kuacha siku za kurudi za kumwona daktari tu, zikabakiza picha ya matiti ya kila mwaka, na namba ya simu ya mwuguzi.

Kwa miaka mingi mpango huu ulibaki katika hospitali chache zenye watu wenye bidii. Kisha mwaka 2020 ikaja UVIKO, hospitali zikafungwa kwa wengi, na kazi ikarundikana. Mwaka 2022 orodha ya wanaongoja matibabu huko Uingereza ilipita milioni 7. Katika msongamano huo wakuu wa matibabu waliukumbuka mpango wa Bristol. Waliagiza kwamba ifikapo Machi 2023 mahudhurio 5 katika kila 100 ya wagonjwa wa nje yahamishiwe katika njia hii ya mgonjwa kujichagulia siku, na tena kwamba siku za kurudi zipunguzwe kwa robo nzima kuliko zilivyokuwa kabla ya ugonjwa ule.

Hapa naomba ruhusa ya kusema ninavyoona mimi. Kitu kile kile kikifanywa kwa nia mbili huwa vitu viwili. Huko Bristol waliuliza, Je, mgonjwa ataonwa siku anapoumwa? Upungufu wa mahudhurio ulikuwa matunda yaliyofuata. Mwaka 2022 waliuliza kwanza, Tutapunguzaje msongamano? Mkuu wa hospitali anayetakiwa kufikisha 5 katika 100 aweza kufuta tarehe katika vyeti kwa siku moja, kwa kalamu tu. Lakini kumweka mwuguzi kando ya simu, anayejua ugonjwa, mwenye nafasi tupu mikononi mwake za kumpa anayeita, hilo lahitaji fedha na watu, wala halionekani katika hesabu ya asilimia. Nusu ya kwanza ya mpango ni rahisi sana, na nusu ya pili ni ghali. Anayetimiza ya kwanza peke yake amewaweka watu nje ya mlango na kuwaambia kwamba huo ni uhuru.

Tena yako maradhi ambayo hayafai kabisa kwa njia hii, nami naandika jambo hili kwa mkazo, asije mtu akatupa cheti chake kwa sababu yangu. Baridi yabisi huuma, na mwenye kuumwa hujua. Shinikizo la damu haliumi. Kisukari chaweza kuharibu figo na macho kwa miaka mingi pasipo kelele. Presha ya macho hula kuona kwa mtu polepole kutoka pembeni, naye hatambui mpaka kumebaki tundu dogo katikati. Ugonjwa ambao mwenyewe hana habari nao, mwenyewe hawezi kuuchagulia siku. Huo wapasa kuwindwa kwa vipimo na kwa tarehe. Hata mwenye baridi yabisi, akitumia dawa iitwayo methotreksati, yampasa kupimwa damu kwa wakati uliowekwa, maana dawa hiyo yaweza kudhuru ini na damu bila mtu kusikia lo lote. Uhuru wa kuchagua siku ya kumwona daktari si uhuru wa kuacha kupimwa.

Sasa huku Afrika. Sisi hatuna simu ya mwuguzi katika kila zahanati, na safari zetu ni ndefu kuliko zao. Lakini swali lile lile limekwisha kujibiwa karibu nasi, kwa jirani zetu wa kusini, Msumbiji. Watu wenye virusi vya UKIMWI hutumia dawa kila siku maisha yao yote, na katika wilaya nyingi walitakiwa kuzifuata hospitali kila mwezi. Wengi walishindwa na safari, wakaacha dawa, wakafa. Mwaka 2008, katika jimbo la Tete, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na watu wa afya wa serikali walianza kuwaruhusu wagonjwa waliotulia kujiunga wao wenyewe makundi ya watu 6 au pungufu. Kila mwezi mmoja wao huenda hospitali kwa zamu, akawachukulia wote dawa, na siku hiyo hiyo yeye mwenyewe hupimwa. Basi kila mtu husafiri mara 2 kwa mwaka badala ya 12. Na aliye mgonjwa haingoji zamu, huenda mara moja. Tena wenzake huonana naye, hujua kama amemeza dawa, na wakimwona amekonda humwambia.

Watu walioandika habari za makundi yale mwaka 2011 waliwahesabu 1301 waliokuwamo bado, baada ya muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Waliokuwa wakiendelea na matibabu ni 1269, waliokufa 30, na waliopotea wasijulikane walipo ni 2 tu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba mwenye virusi aliyetulia katika dawa aweza kuonwa kila baada ya miezi 3 hata 6, na nchi nyingi za kwetu zimefuata. Huu si mpango wa Bristol wenyewe. Zamu yao ni tarehe pia. Walakini tarehe hiyo waliipanga wao, kati ya watu wanaojuana, na mlango wa katikati ya zamu uliachwa wazi.

Naona kwamba makundi ya Tete yametibu jambo moja ambalo simu ya Bristol haikulitibu. Simu yamtaka mgonjwa aanze mwenyewe kusema. Na wako watu wasioanza: mzee anayedhani maumivu ni umri tu, mwanamke anayeogopa kumsumbua daktari, asiyejua Kiingereza katika mji wa Waingereza, aliyehuzunika hata hana nguvu ya kunyanyua simu. Mtu wa namna hiyo akiachiwa achague, hachagui. Shangazi yangu, kama angalikuwa mgonjwa wa Bristol, sijui kama angalipiga simu ile. Katika kundi la watu 6 jirani yake angalikuja kumwita kwenda kisimani, akaviona vidole vyake.

Huko Uingereza nao wamelitambua jambo hili, nao hulishughulikia kwa namna mbili. Mgonjwa anayeingizwa katika mpango huu huwekewa muda, pengine mwaka mmoja, pengine zaidi, kwa kadiri ya ugonjwa wake. Muda ukiisha naye hajaita hata mara moja, katika hospitali nyingine jina lake hufutwa daftarini na kurudishwa kwa daktari wa mtaani, kwa kudhani kwamba aliyenyamaza ni mzima. Katika nyingine huandikiwa barua, au mwuguzi humpigia simu yeye, na kumwuliza, U hali gani?